Mtaalamu wa Kijivu na Picha ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha familia nyumbani kwa Mama Mkwe. Mwenyewe hakualikwa. Alitumwa kwa jirani kuangalia mapazia mapya, na jirani aliagizwa ayasifu polepole. Ajenda: Jumapili ya tarehe kumi na sita anatimiza miaka themanini. Nani analeta nini?

Shemeji alisimama. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, na hawezi kusema jambo akiwa amekaa. Akatangaza kiti. Si kiti hivi hivi! Kiti cha umeme. Kinalala, kinaamka, kinakanda mgongo. Watu wakapiga makofi. Mke wangu naye akapiga makofi! Mke wangu mimi!

Kisha macho yote yakanigeukia. Nikasema nitaleta kitu kisichouzwa duka lolote. Shemeji akataka kujua ni kitu gani. Nikamjibu kwamba siri ikisemwa si siri tena. Jibu safi kabisa. Tatizo moja tu: na mimi nilikuwa sijui ni kitu gani.

Njiani mke wangu aliniuliza. Nikapiga mluzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Nimepata!

Imenijia kazini. Miaka yote hii nachanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na bosi anadhani kazi yangu ni kukoroga. Hajui kwamba nina jicho. Leo mteja alitaka kijivu cha geti. Nikampa. Akasema hicho si kijivu. Nikamweleza kwamba kuna kijivu cha saruji mbichi, cha saruji kavu, cha moshi, cha bati jipya, cha panya na cha mvi. Akasema anataka kijivu cha kawaida. Watu wengine huwezi kuwasaidia.

Basi nikiwa nakoroga hicho cha kawaida, ikanijia. Picha! Picha ya harusi ya Mama Mkwe, ile inayoning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake. Nyeusi na nyeupe, ila nyeusi imekimbia na nyeupe imechoka. Yote imebaki rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nitaitengeneza. Nitaikuza. Nitaitia fremu. Mama Mkwe atalia. Ukoo mzima utalia. Shemeji atakaa kwenye kiti chake cha umeme alie huku amelala.

Mke wangu simwambii. Nikimwambia, kaka yake atajua kabla birika halijachemka.

Alhamisi, 6 Machi

Picha ninayo.

Nilimwambia Mama Mkwe nimekuja kurekebisha bawaba za mlango wa chumbani, zinalia. Akasema hazilii. Nikaufungua na kuufunga mlango mpaka zikalia. Alipokwenda kuniletea maji, picha ikaingia ndani ya koti. Pale ukutani nikatundika kalenda ya dukani kwetu, yenye picha ya tangi la maji.

Aliporudi aliliangalia tangi. Akaniangalia mimi. Nikasema ukuta una unyevu, picha imepelekwa kwa wataalamu ikaushwe. Akasema ukuta ule haujawahi kuona unyevu tangu ujengwe. Kisha akasema sawa, mwanangu, lakini irudi.

Mchana niliichunguza nyuma ya makopo ya rangi. Watu wamejipanga mbele ya nyumba. Katikati, Mama Mkwe, msichana mwembamba mwenye shela. Ubavuni mwake Baba Mkwe: mrefu, sharubu nene, tai, kifua mbele. Sikuwahi kukutana naye. Alifariki mke wangu akiwa mdogo, na mimi namjua kwa ile picha ndogo ya kitambulisho tu, mzee wa kipara na mashavu. Umri unabadilisha watu, jamani. Kumbe alikuwa na sharubu za maana hivi!

Lakini kasoro zipo. Nguzo ya umeme imeota juu ya kichwa cha babu mmoja. Na kushoto kabisa, ng'ambo ya nguzo, kuna mtu mwembamba ameshika baiskeli. Hata kamera haangalii! Kila mtu amenyooka, yeye shingo kaipinda. Anaharibu picha nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kubwa.

Nimeshinda kwa Dada wa Fotokopi, yule mwenye kiduka cha pembeni mwa posta. Ana mashine ya kutoa nakala, ana skana, ana kompyuta yenye programu ya kuhariri picha, na ana feni inayompepea yeye peke yake. Alikubali kunifundisha kwa sharti nisiguse feni.

Akaiskani. Picha ikatokea kwenye kioo, kubwa, ya kijivu, ya huzuni. Akanionyesha kidude cha kuvuta kwa kipanya: upande huu weusi unakuwa mweusi kweli, upande huu weupe unakuwa mweupe. Nikavuta kidogo. Lahaula! Watu wakatoka kwenye ukungu. Shela ikaota maua madogo madogo. Kwenye shati la yule babu vikatokea vifungo, na kimoja kimefungwa tundu si lake. Nililodhani ni jiwe miguuni mwa bibi harusi ni paka! Paka amekaa pale miaka yote hiyo, hakuna aliyemwona. Nilisogea karibu na kioo. Hata Dada wa Fotokopi aliisahau feni yake. Kwa kweli ni kazi nzuri hii. Ningeianza zamani.

Akaniambia, kabla sijaendelea, nitengeneze nakala, ile ya kwanza niiache ilivyo. Nikaitikia kama ninavyoitikia mke wangu akinituma vitunguu.

Kwanza nguzo. Kuna brashi inayochukua kipande cha anga na kukipaka pengine. Nikaifuta nguzo vizuri. Sikio la babu nalo likaenda. Nikamrudishia, akapata mawili upande mmoja. Nikabonyeza kurudi nyuma mpaka nguzo ikarudi mahali pake. Basi, ikae.

Pili, kukata. Dada alisema picha ikatwe pale jicho linapopotea. Jicho langu lilikuwa linapotelea kwenye baiskeli. Nikavuta mstari kutoka kushoto, nikaupitisha kwenye nguzo, nikabonyeza. Kwisha! Picha ikapumua. Bibi harusi akakaa katikati kama malkia, na sharubu ubavuni mwake.

Dada akauliza yule wa baiskeli alikuwa nani. Nikasema mpita njia. Akauliza mpita njia amevaa ua kifuani kwa nini. Nikamwambia wapita njia wa zamani walikuwa nadhifu.

Nikahifadhi. Kompyuta ikauliza kama nataka hii ichukue nafasi ya ile ya mwanzo. Nikabonyeza ndiyo. Mtu anayejua anachotaka hababaiki.

Jumapili, 9 Machi

Jana Dada alinionyesha pia jinsi ya kuipa picha rangi ya joto, ule udhurungi wa picha za zamani. Kidude kingine cha kuvuta. Nikajiuliza: kuvuta vidude, huo ni ufundi? Mimi ni mtu wa rangi za kweli, za kukoroga! Na kama nakala inapendeza, kwa nini picha yenyewe ibaki inasikitisha?

Mke wangu alikwenda kwa rafiki yake. Nikachemsha chai nzito, ya rangi, nikaimimina kwenye sinia, ikapoa kidogo, nikailaza picha humo. Ilipendeza! Udhurungi ukaingia taratibu kama jua la jioni. Nilijipongeza kwa sauti.

Hapo simu ikalia. Shemeji. Kiti kimefika. Akanieleza kiti kuanzia miguu mpaka kichwa. Akanisikilizisha mlio wake. Akarudia miguu. Niliporudi jikoni, upande wa kushoto wa picha ulikuwa umevimba kama mkate. Nikaupangusa kwa kitambaa, kwa upole wote. Upande wa kushoto ukabaki kwenye kitambaa.

Nilishtuka! Kisha nikaangalia vizuri. Kilichotoka ni mtu wa baiskeli na baiskeli yake tu. Bibi harusi mzima, sharubu nzima, paka mzima. Hasara imeangukia mahali pake kabisa. Nikaipiga picha pasi juu ya taulo. Imejikunja kama gome la mti, lakini ina joto.

Mke wangu aliporudi alisema nyumba inanukia chai, akauliza yake iko wapi. Nikampa. Akasema ina ladha ya ajabu. Nikamwongezea sukari.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwisha.

Mama Mkwe alikuja dukani leo. Peke yake, na mkoba wake. Bosi akampa kiti. Akaniuliza wataalamu wa unyevu wanasemaje. Nikasema wako hatua za mwisho. Na kwa kuwa nilikuwa najisikia vizuri, na kwa kuwa mdomo wangu hauna bawaba, nikamuuliza:

"Mama, kwenye ile picha, yule mtu wa baiskeli aliyejipenyeza pembeni ni nani?"

"Aliyejipenyeza?" Akacheka mpaka akashika meza. "Huyo ndiye bwana harusi!"

Nikasema bwana harusi si yule mwenye sharubu?

"Yule ni kaka yangu. Alikuwa akiona kamera lazima asimame katikati. Mwenzangu alikuja na baiskeli ya kuazima, mwenye nayo alimwambia asiiache hata kidogo, itaibwa. Basi kila nikimwita sogea, anasema na baiskeli je? Mpiga picha akachoka, akapiga hivyo hivyo."

"Na mbona haangalii kamera?"

"Ananiangalia mimi," akasema Mama Mkwe. "Wote mle wanaangalia kamera. Yeye peke yake ananiangalia mimi. Ndiyo maana naitundika pale. Nikifunga mlango, naikuta."

Akaaga. Alipofika mlangoni akasema ana picha mbili tu za mumewe, ile na ya kitambulisho, na kwenye ya kitambulisho alikuwa anaumwa jino.

Nikamkorogea mteja njano badala ya nyeupe. Debe zima.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi na mapema kwa Dada wa Fotokopi, hata duka hajafungua. Nikamwambia tuirudishe picha ya mwanzo. Akatafuta kwenye folda. Akatafuta kwenye pipa la taka la kompyuta. Akasema skani iliyokuwepo ndiyo niliyoifuta mwenyewe kwa kuhifadhi nyingine juu yake. Nikasema kompyuta ilinihadaa. Akasema kompyuta iliniuliza. Nikasema iliuliza haraka haraka.

Akashauri tuiskani tena ile picha yenyewe. Nikaitoa kwenye bahasha. Aliiangalia. Akainusa. Akanikalisha kwenye kiti na kunigeuzia feni. Hapo ndipo nilipojua kwamba hali ni mbaya.

Akaniuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuipiga picha ile picha. Nikasema hakuna. Halafu nikakumbuka. Yupo. Mwaka jana Shemeji alikipaka rangi chumba cha Mama Mkwe, rangi niliyochanganya mimi, akapiga picha kila ukuta ili atuonyeshe kazi yake. Kila ukuta. Na nyuma ya mlango.

Mtu mwingine yeyote! Kinyozi! Mkaguzi wa mita! Kwa nini awe Shemeji?

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Shemeji. Nilizunguka nyumba yake mpaka mbwa akanizoea.

Nilimweleza yote. Bawaba, tangi la maji, baiskeli, chai. Alicheka akiwa amesimama, akacheka akiwa ameegemea ukuta, akaomba maji, akacheka ndani ya glasi. Nilivumilia. Kisha akatoa simu akaanza kutafuta, na alipoipata akanyamaza ghafla. Akaikuza kwa vidole viwili. Akasema siku ile alikuwa anapiga ukuta tu, hakumwangalia Baba hata kidogo. Akasema, kumbe alikuwa kijana.

Tukakaa kimya. Sijawahi kukaa kimya na Shemeji. Si vibaya.

Picha yake nayo ina balaa lake: mwanga wa simu umepiga kwenye kioo cha fremu, na bibi harusi mzima ni duara jeupe. Sharubu ndani ya duara. Paka ndani ya duara. Lakini kushoto ni safi! Nguzo, baiskeli, bwana harusi, ua kifuani. Yeye ana kushoto, mimi nina kulia. Tukiunganisha tunapata harusi moja.

Nikamuuliza anataka nini. Nilijua hataitoa bure. Akakohoa. Ikabidi akae chini ili aseme. Kiti hakipiti mlango wa chumba cha Mama. Amekipima kwa mbele, kwa ubavu, kwa kukiinamisha. Na tena, ukibonyeza kiamke, kinalala. Akaniomba nisimwambie mtu. Akasema yeye hajui mambo ya bawaba.

Kumbe na yeye! Nimerudi nyumbani naimba.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi ya kuunganisha. Mimi, Shemeji, Dada wa Fotokopi, feni moja.

Kushoto kwa Shemeji kulikuwa kumepinda, tukakunyoosha. Kulikuwa kudogo, tukakukuza. Kisha vikakaa ubavu kwa ubavu, na hata kipofu angeona ni picha mbili. Kijivu chake kilikuwa cha samawati. Kijivu changu kilikuwa cha vumbi. Dada akajaribu, akashindwa. Shemeji akajaribu, akaifanya iwe usiku.

Nikawaambia wanipishe. Nikakunja mikono ya shati. Nikavuta weusi kidogo, nikaurudisha. Nikatia joto kama tone la njano kwenye debe la nyeupe. Nikapunguza. Nikatazama kwa jicho moja, kama ninavyotazama rangi kwenye kijiti. Kijivu cha saruji kavu kikiwa na moshi kidogo, basi! Ukuta wa kushoto ukaingia kwenye ukuta wa kulia kama maji kwenye maji. Dada akasema haoni kiungo. Shemeji akasema haoni kiungo. Kiungo kimejificha kwenye nguzo ya umeme. Nguzo hiyo hiyo!

Kukawa na jambo dogo. Ili nguzo yake ikae juu ya nguzo yangu, ilibidi kushoto kusogee kulia. Mtu wa baiskeli akasogea nako, karibu na wenzake. Dada akasema hakuwa karibu hivyo. Nikasema ni unywele tu. Ni kama hatua nzima. Tukimrudisha, babu anapoteza sikio tena. Tukamwacha.

Udhurungi tumeutia kwa kidude cha kuvuta. Shemeji akataka tai ya mjomba wake, yule wa sharubu, iwe nyekundu. Nikasema picha nyeusi na nyeupe haina tai nyekundu. Akasema itachangamsha. Nikasema mjomba kachangamka vya kutosha. Tukapandishiana sauti. Dada akasema anafunga duka.

Ijumaa, 14 Machi

Kazi imetoka! Kubwa, safi, na fremu nimeipaka mwenyewe kijivu cha mvi. Nimeifunga kwa gazeti na kuiweka chini ya kitanda.

Ila mke wangu ameikuta ile ya zamani. Nilikuwa nimeificha kati ya mashuka. Akasema mashuka yananukia chai. Akaikunjua. Akaona mahali ambapo baba yake hayupo.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa kitandani ameishika magotini kama mtu anayepasha mikono joto. Nikamweleza yote, nikamtolea mpya kutoka chini ya kitanda. Aliitazama sana. Akamgusa baba yake puani kwa kidole. Akasema hakujua kwamba pale pana paka.

Kisha akasema nitamwambia mama yake mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla keki haijakatwa. Nikaomba iwe baada ya keki. Akasema kabla. Nikaomba iwe wakati wa keki, watu wakiwa wanakula. Akanitazama tu.

Kabla.

Jumapili, 16 Machi

Kuanzia asubuhi nimeng'oa mlango. Kiti kimepita kwa shida, na kipande cha ukuta kimekwenda nacho. Shemeji alipiga picha.

Watu walipojaa sebuleni nilimfuata Mama Mkwe jikoni. Alikuwa anaosha glasi, ingawa alikatazwa na kila mtu. Nikaiweka picha ya zamani mezani. Maneno yote niliyoyapanga yakanikimbia. Nikasema tu, "Mama, niliitia kwenye chai."

Akajifuta mikono. Akaisogeza dirishani.

"Kwa nini uitie kwenye chai?"

"Nilitaka ipate joto."

Akapitisha kidole pale palipobaki karatasi tupu, akakipitisha tena. Macho yakamlowa, na mimi nikatamani sakafu inimeze.

"Ilikuwa inakwenda yenyewe," akasema mwishowe. "Kila mwaka anafifia. Miaka hii naangalia pale, lakini namwona kwa kujua tu kwamba yupo. Nilikuwa simwambii mtu. Niliona nikisema, ndiyo ataondoka kabisa."

Akanipiga kofi dogo begani. Akasema unyevu! Eti unyevu! Akaanza kucheka huku anapangusa macho kwa taulo la vyombo, na mimi nikaanza kulia, mtu mzima, na shati la kuazima kwa Shemeji.

Sebuleni Shemeji alitoa hotuba, akiwa amesimama. Kisha akasema, bila kuombwa, kwamba zawadi hii ya pili ni ya shemeji yake, yeye alishika tu simu. Sikutarajia. Nikachana gazeti.

Mama Mkwe akasogea karibu, akavua miwani, akaivaa. Akamtaja kila mtu. Huyu alikuwa mkorofi. Huyu alikula mara mbili. Jamani, paka wa shangazi! Akafika kushoto. Akakaa hapo. Bwana harusi, kijana kabisa, ua kifuani, mkono mmoja kwenye baiskeli ya watu, shingo imepinda, anamwangalia.

"Hapa mmemsogeza," akasema.

Shemeji akaangalia dari. Nikaanza kueleza habari za nguzo mbili.

"Hakuwa karibu hivi. Nilimwita, akakataa." Akanyoosha mkono, akainyoosha fremu ambayo haikupinda. "Mwacheni hapo hapo. Amesimama mbali vya kutosha."

Mke wangu akanishika mkono mbele za watu. Tukampeleka Mama Mkwe chumbani, akakaa kwenye kiti; Shemeji akakibonyeza kiamke, kikalala, na Mama Mkwe akalala nacho, picha kifuani, anacheka. Ikabidi tumwamshe kwa mikono. Hataki kitengenezwe. Anasema kinajua kazi yake.

Mlango nimeurudisha. Haufungi vizuri. Nitauangalia.

Jumanne, 18 Machi

Habari zimeenea! Leo dukani watu watatu wameniuliza mimi ndiye fundi wa picha za zamani? Bosi alisikia. Nikajifanya sikusikia kwamba amesikia.

Na nimepata mteja wa kwanza. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, beki wa zamani, amenikabidhi picha ya timu yao. Nyeusi na nyeupe, safi sana, ila ina doa la kutu pembeni. Ameniomba nitoe doa. Doa tu. Akalirudia hilo neno. Watu hawajui wanachotaka mpaka waonyeshwe.

Kwa sababu doa ni kazi ya dakika. Tatizo la ile picha ni kipa. Amesimama kando, mikono nyuma, kama hayumo kwenye timu. Nikamuuliza Mzee. Akasema siku ile waligombana kuhusu goli la kizembe, na hawajasemezana hadi leo, na kipa anakaa nyumba ya pili kutoka kwake.

Nikamwambia Dada wa Fotokopi aniwashie kompyuta. Nimemsogeza kipa mpaka katikati. Nimemwekea mkono begani kwa Mzee, mkono wenyewe nimeukata kwa refa, maana refa alikuwa nao miwili na kipenga anashika kwa mmoja. Vijivu vimeelewana vizuri mno. Nimechapisha mbili, moja ya Mzee, moja ya kipa. Watapatana tu!

Kesho nazipeleka zote kwa pamoja. Mke wangu ameuliza kama Mzee anajua. Nimemwambia atajua akiiona.